Ndoa ya Gunia la Ngano

“Neno moja tu, kijana. Liseme, unywe kahawa yako, uende zako.”

Bwana Ubaid hakumtazama Nasifu alipoyasema hayo. Alikitazama kikombe alichokishika, kama vile kikombe ndicho kilichomletea aibu nyumbani kwake.

Nasifu alikaa kwenye ukingo wa kochi jeupe, magoti pamoja, amevaa kanzu ya kuazima ambayo mikono yake iliishia juu ya vifundo. Ilikuwa alasiri ya Ijumaa, mtaani Al Garhoud, kando ya uwanja wa ndege. Ndege ilipaa uwanjani, madirisha yakatetemeka, na watu wote sebuleni wakanyamaza mpaka ilipopita. Wenyeji wa mtaa ule hata hawajui tena kwamba wananyamaza.

Mbele yake, kwenye kiti cha pembeni, alikaa Maalim Shihab, mzee aliyewafundisha Kurani nusu ya watoto wa Kizanzibari wa mji ule wa Kiarabu. Thuwein, kaka mtu, alisimama mlangoni, mikono kifuani. Na kule kwenye kochi la wanawake, ubavuni mwa mama yake, Bi Hind, alikaa Nunu. Alikuwa amefunika kichwa kwa mtandio wa kijani. Tangu Nasifu aingie, Nunu alikuwa amemtazama mara moja tu, na kwa mtazamo ule mmoja alikuwa amemwambia: usiniache.

Lakini ili ujue mlinzi wa Kiganda alifikaje kwenye kochi lile jeupe, huna budi kwanza kupita kwenye nyasi.

Nje ya mji, barabara inapoingia jangwani, kampuni moja ilikuwa imejenga kijiji cha maonyesho cha msimu wa baridi. Kilikuwa kijiji cha walowezi wa Marekani wa zamani, wale wa karne ya kumi na tisa ikielekea ukingoni, waliokwenda kulima ngano kwenye mbuga pana zisizo na mti. Nyumba zao zilijengwa kwa mabonge ya udongo yaliyokatwa pamoja na mizizi ya majani, kwa sababu mbao zilikuwa adimu. Palikuwa na kanisa dogo, shule ya chumba kimoja, na kinu cha upepo kilichovuta maji ya uongo. Nyasi zote zilikuwa za plastiki. Kila asubuhi vijana wa Kibangladeshi walizifagia mchanga, na kila jioni mchanga ulirudi.

Nunu ndiye aliyeandika maneno ya onyesho. Alisoma sana habari za watu wale, mpaka akawapenda. Nasifu alilinda lango la shule, na wakati wa mapumziko Nunu alikuja kukaa kwenye ngazi za shule ile na chupa yake ya chai.

“Unajua,” alimwambia siku moja, “nyumba na nyumba zilikuwa mbali mno. Mwanamke anaweza kumaliza msimu mzima wa theluji hajasikia sauti ya mtu ila ya mumewe. Wengine walirukwa na akili kwa ule upepo tu.”

“Na kama mumewe si muongeaji?”

“Basi anaongea na kuku.”

Nasifu alicheka. “Kwetu Nakasongola ni hivyo. Nyasi mpaka macho yachoke. Mimi nimeongea na ng'ombe miaka mingi. Ng'ombe anasikiliza kuliko madamu wetu hapa.”

“Mie ndiye madamu wako hapa.”

“Wewe unasikiliza. Wewe si madamu. Wewe ni…”

“Nani? Malizia.”

Hakumalizia. Alitazama mbali, kwenye nyasi za plastiki, kisha akauliza swali ambalo Nunu hakulisahau: “Na wale wenye nyasi? Kabla hawa hawajaja na ngano yao. Walikwenda wapi?”

“Walifukuzwa.”

“Kwenye onyesho hawapo.”

“Hawapo. Niliwaandika, wakubwa wakawafuta.”

“Babu yangu pia alifutwa,” Nasifu alisema. “Alikuja mtu na karatasi, akaweka waya, akasema nyasi hizi zina mwenyewe, na waya ni kwa faida yetu. Babu akauliza, mimi ni nani basi? Hakujibiwa mpaka leo.”

Siku ile Nunu alimimina chai kwenye kifuniko cha chupa yake akampa. Vidole vyao vikagusana juu ya kile kifuniko, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuondoa chake. Mapenzi mengine huanza kwa maua. Haya yalianza kwa chai ya iliki na hasira ya babu.

Kitendo kilichopendwa kuliko vyote katika onyesho kilikuwa harusi. Walowezi wale hawakuwa na mchungaji wa kukaa nao. Alikuwa akija kwa farasi mara moja katika miezi mingi, na siku aliyofika yalifanywa yote kwa pamoja: kuombea waliokwisha kuzikwa, kubatiza waliokwisha kutambaa, kuoza waliokwisha kungoja. Na kwa kuwa mabinti wengi walikuwa wamewaacha baba zao ng'ambo ya bahari, jirani yeyote alisimama akawa baba wa bibi harusi. Basi katika onyesho, mwendeshaji alimwita mtu mzima mmoja kutoka kwa watazamaji, akampa kofia ya majani, akamwambia: “Wewe leo ndiye baba. Mwoze binti kwa namna mnavyoozeshana kwenu.” Watu walioza kwa Kimalayalam, kwa Kirusi, kwa Kiarabu, na uwanja mzima ukacheka.

Nasifu alikuwa bwana harusi wa kila siku tangu mwigizaji wa kwanza arudi kwao, kwa sababu tu lile koti jeusi lilimkaa. Bibi harusi alikuwa Desire, msichana wa Kampala. Lakini siku ambayo Bwana Ubaid aliwaleta jamaa zake kuona kazi ya binti yake, Desire alipewa mapumziko, na Nunu ndiye aliyetoka kwenye kanisa lile la mbao amevaa gauni refu na kofia ya kitambaa iliyositiri kichwa chake kuliko shela. Na mtu aliyeitwa kuwa baba alikuwa Bwana Ubaid mwenyewe.

Mzee alikuwa na furaha siku ile. Jamaa walimpigia makofi. Alivaa kofia ya majani, akaushika mkono wa Nasifu, akakohoa kama kadhi, na kwa Kiswahili safi cha Unguja akasema kwa sauti ya kuwachekesha nduguze: “Ewe kijana, nimekuoza binti yangu Nunu kwa mahari ya gunia la ngano!”

Na Nasifu, aliyekuwa amelala na kuamka na maneno yale kifuani kwa miezi, alijibu bila kucheka: “Nimekubali kumuoa Nunu binti Ubaid kwa mahari yaliyotajwa.”

Watu walishangilia. Ashiraf, mlinzi mwenzake, alipiga mbinja. Ni Maalim Shihab peke yake, aliyekuwa kiti cha mbele, ambaye hakupiga makofi. Alikuwa amekauka, fimbo mkononi, kama mtu aliyeona gari likienda kumgonga mtoto.

*

“Hebu tuelezane tena,” Bi Hind alisema sasa, pale sebuleni. “Maalim, mchezo ni mchezo. Watoto wanacheza harusi za vibaba, ndo wameoana?”

“Watoto hawana hukumu, Bi Hind. Hawa ni watu wazima.” Maalim aliongea polepole, kama anayeng'oa mwiba. “Ndoa haina utani. Walii ni baba mzazi, ametamka. Mume Muislamu, ameitika. Mashahidi walijaa tele. Mahari yametajwa.”

“Gunia la ngano!” Thuwein alidakia. “Hata mbuzi hapatikani!”

“Kwa ridhaa ya mwanamke hata pete ya chuma hutosha, mwanangu. Sisemi mahakama ya serikali itaandika. Haitaandika. Lakini mie nikiulizwa mbele ya Mungu, siwezi kusimama nikamuoza Zayd mwanamke ambaye sina hakika kama si mke wa mtu.”

Zayd lilikuwa jina la mchumba. Mtoto wa binamu yake Bwana Ubaid, mwenye ofisi yake Al Barsha, kijana mpole asiye na kosa lolote ila kwamba Nunu hakumpenda.

“Ndo maana nimekuita, kijana,” alisema Bwana Ubaid. “Nataka utamke talaka, tuoshe mikono. Khalas.”

“Mzee, mimi sikutega mtu,” Nasifu alisema. “Wewe uliniuliza. Mimi nikajibu.”

“Ulinivizia! Ulijua unachokisema, mie sikujua!”

“Nilijua moyo wangu tu. Sikujua sheria.”

“Moyo!” Thuwein alicheka kwa dharau. “Sikilizeni Kiswahili chake kwanza. Mlinzi wa lango, anabanana chumba kimoja na wenzake wanane huko International City, anatueleza moyo. Si kufu yako huyu dada yangu, bwana, si wa hadhi yako. Unajua maana ya kufu?”

“Najua. Ni neno la kusema wewe si mtu, bila kulisema.”

“Unamsikia, Baba? Nimpigie kafeel wake simu sasa hivi, amfutie kibali?”

“Piga,” Nasifu alisema, kwa utulivu kabisa. “Kabla yako wamenitisha wengi. Piga.”

“Thuwein, kaa chini,” ilisikika sauti kutoka kochi la wanawake.

Nunu alikuwa amesimama. Mama yake alimvuta nguo, akauondoa mkono wa mama yake taratibu.

“Si yeye aliyekuvizia, Baba. Ni mie.”

“Nunu…”

“Mie ndiye niliyempa Desire ruhusa. Mie ndiye niliyemwambia mwendeshaji amchague mzee aliyevaa kanzu ya krimu, safu ya pili. Nasifu hakujua kitu. Nilisimama pale nimeinamisha kichwa, ukanioza, na mie nikanyamaza. Maalim, ulitufundisha nini kuhusu msichana akinyamaza?”

Maalim Shihab alifumba macho. “Kwamba ameridhia.”

“Basi niliridhia.”

Bi Hind alijifunika uso kwa viganja. “Lahaula! Mtoto gani huyu nimemzaa?”

“Mtoto aliyekuja kwako mara ngapi, Mama, akakwambia yupo mtu? Ukanijibu, wa bara? Mara ngapi, Baba, nilianza kukwambia ukaongeza sauti ya televisheni? Wale watu niliowaandika walingoja farasi wa mchungaji. Mie ningengoja nini? Nikajipelekea farasi mwenyewe.” Alimgeukia Thuwein. “Na usiniambie habari za kufu. Babu alipofika mji huu alibeba magunia Deira. Bibi ndiye aliyenihadithia, na aliona fahari. Nyie ndo mnaona haya.”

Ndege nyingine ikapita, kubwa, na safari hii kimya kiliendelea hata baada ya ndege kwisha.

Nasifu alimtazama. Hakuwahi kumuona mtu akimpigania hivi, si nyumbani, si kwenye kambi za wafanyakazi, si popote. Hakuwa amejua kwamba alipangiwa ndoa, naye alijiona kama maskini aliyeamka akakuta jumba limeandikwa jina lake, na hapohapo waliokuja kumtoa wako mlangoni.

“Umesema maisha yako yote, Baba, neno lako likitoka halirudi,” Nunu alimalizia. “Hilo ndilo nililolitegemea.”

Bwana Ubaid aliweka kikombe chini. Sasa aliinua macho, na ajabu ni kwamba hayakuwa na hasira tena. Yalikuwa yamechoka, na kwa Nasifu hilo lilitisha zaidi.

“Kweli,” alisema. “Neno langu halirudi. Ndo maana nataka lake.” Alimgeukia Nasifu. “Sitapiga simu kwa mtu. Sitakufukuzisha. Nisikilize, mwanangu, maana nadhani wewe hujafika mbali kwa fikra kama mwanamke huyu alivyofika. Mahakama itataka walii aje akiri. Mie sitakwenda. Nitakaa papa hapa, kwenye kiti hiki, mpaka nife. Akija kwako, anakuja bila cheti. Akibaki kwangu, anabaki mke wa mtu asiye mume wake. Haolewi, hakuolewa. Na mkizaa? Mtoto ataandikwa jina la nani?”

“Baba, usimtishe kwa mtoto ambaye hayupo!”

“Namuuliza tu. Ajibu.”

Lakini kwa Nasifu mtoto yule alikuwepo. Aliishi kwenye fleti ya pili kutoka yao, kule International City, binti wa mwanamke mmoja aliyempata bila karatasi. Kila kengele ya mlango ilipolia, mtoto yule alijifinya nyuma ya friji, bila kuambiwa, akashika mdomo wake mwenyewe kwa kiganja. Nasifu aliwahi kupeleka mkate pale. Alikuta macho mawili gizani, nyuma ya friji, yakimpima kama ni adui.

Alijaribu kumtazama Nunu, akaona macho yale.

“Nasifu,” Nunu alisema. Aliijua sura ile; aliiona siku aliyomsimulia habari za waya na nyasi za babu yake. “Nasifu, nitazame mie, usimtazame Baba. Hatulazimiki kuzaa kesho. Tutangoja. Baba atalainika, au mji utabadilika, au tutahama. Mie najua kungoja. Usilitamke.”

“Ukingoja, utazeeka humu ndani.”

“Umri ni wangu!”

“Wataku… watakuita kila jina.”

“Watakaloniita nitaliitika. Usilitamke tu. Nakuomba. Sijawahi kukuomba kitu.”

“Tazameni jinsi anavyolia,” Bi Hind alinong'ona, na hapo mama alikuwa analia naye, kwa kuwa hakuna mama asiyejua kilio kile ni cha nini. “Ubaid, labda…”

“Nyamaza, Hind.”

Na Bi Hind akanyamaza. Nimeona wanawake wengi wenye jibu sahihi wakinyamazishwa kwa neno moja kama lile. Ungewapanga, wangefika kutoka Al Garhoud hadi baharini.

Nasifu alisimama. Kanzu ya kuazima iliishia juu ya vifundo vya miguu. Alikuwa amekabili majambazi kwenye maghala, wababe wa kambi, maarbabu, waajiri wenye ngumi. Hakuna aliyewahi kumpiga kwa huruma yake mwenyewe kama alivyopigwa na yule mzee.

“Nunu,” alisema, “mimi nilikuwa naongea na ng'ombe. Wewe ndiye mtu wa kwanza…” Alishindwa. Akageukia ukuta, maana usoni hakuweza, akatamka: “Nunu binti Ubaid, nimekuacha.”

Maalim Shihab alitikisa kichwa taratibu, hakikuwa kichwa cha mtu aliyefurahi.

“Imepita,” alisema. “Hawakuingiliana, kwa hiyo eda hana. Ana haki ya nusu ya mahari yake.”

“Alhamdulillahi,” alisema Thuwein. “Na jambo hili lizikwe humu humu. Jamaa zake Zayd wasijue.”

“Watajua,” Nunu alisema.

Alikuwa amekauka machozi, ghafla, kama bomba lililofungwa. Aliuvuta mtandio wake mbele.

“Mmemlazimisha atoe talaka. Talaka hupewa mke. Kwa hiyo nilikuwa mke wa mlinzi, Baba, na wewe ndiye uliyeshuhudia mara mbili: siku ya kunioza na leo. Nitamwambia Zayd mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwamba mie ni mtalaka. Akinitaka hivyo, atakuwa ameoa mtalaka. Asiponitaka, itakuwa Ijumaa njema kwangu.”

“Nunu, mwanangu…”

“Na wewe.” Alimgeukia Nasifu, na Nasifu alitamani ndege ipite, madirisha yatetemeke, asisikie. “Nusu ya mahari nimekusamehe. Lile jingine sikusamehe. Baba alinioza akidhani ni mchezo, na bado nilikuwa na njia ya kuridhia. Wewe umeniacha kwa kweli, mbele yangu, nikikwambia hapana. Umefanya kama wao. Umenipangia.”

“Nilifanya kwa ajili yako.”

“Hata yule mwenye waya alimwambia babu yako hivyohivyo.”

Akatoka sebuleni. Mlango wa ndani ulifungwa bila kupigwa, na Nasifu angeona afadhali ungepigwa.

Bwana Ubaid alimsindikiza hadi mlango wa nje. Alimpa mkono, Nasifu aliutazama ule mkono, uleule uliomshika chini ya kofia ya majani, akapita bila kuupokea.

*

Basi la kuelekea International City lilikuwa nusu tupu. Nasifu alikaa dirishani. Wapakistani wawili waliokuwa wametoka msikitini waligawana machungwa, wakampa moja bila kumuuliza, akalishika tu.

Simu ikalia. Ashiraf.

“Bwana harusi!” Ashiraf alipiga kelele kwa Kiswahili chake cha Jinja. “Wewe umekwenda kwa wakwe peke yako, umeniacha mimi shahidi wako! Wamekupa pilau? Sema kweli, pilau lilikuwa na nyama ngapi?”

“Tele.”

“Eh! Na yule mzee, amekubali?”

Nasifu alitazama barabara. Mnara wa kuongozea ndege ulikuwa ukibaki nyuma.

“Tumeongea vizuri,” alisema.

“Mungu mkubwa, ssebo! Mimi niliwaambia hawa, nikawaambia, huyu Nasifu atatushinda wote. Sasa sikia. Desire anasema atapika matoke Jumapili, umlete mke wetu tumwone bila ile kofia ya walowezi. Shemeji anakula matoke?”

“Anakula.”

“Hajambo lakini?”

Chungwa lilikuwa limepasuka kiganjani mwake, maji yake yakimtiririkia kwenye mkono wa kanzu ya Ashiraf.

“Hajambo,” Nasifu alijibu. “Anakusalimu.”